Kimya na Kisanduku cha Kazi

Sogeeni, enyi mlioketi na mliosimama, waacheni wanaobishana waishie hapo, niwasimulie vita vilivyopiganwa katika ua wetu siku ya Jumanne, kati ya saa nne na saa tano asubuhi, mbele ya macho yangu mimi niliyekuwa dirishani nikipiga pasi, hata nikaunguza kola ya shati la watu. Nawapa habari za shoga yangu Kimya, mbeba mapacha, mkamua mashuka, mkandaji wa miguu ya bibi yake, msichana mwenye haya kiasi kwamba aliwahi kupewa chumvi dukani badala ya sukari akarudi nayo nyumbani, maana kumsahihisha muuzaji kulimshinda.

Adui alikuja kwa miguu, peke yake, mwanamume mrefu mwenye viatu vyeupe, kishikwambi kifuani kama ngao. Alikuwa mdadisi wa chuo kinachotafiti watu na kazi zao: nani anafanya kazi, nani hafanyi, na kwa nini wasichana wengi hawaonekani katika hesabu ya wafanyakazi. Mwaka juzi alikuja pia, akamkosa Kimya, aliyekuwa bombani kwenye foleni. Baba yake, Fundi Saa, bingwa wa vipuri visivyoonekana kwa macho, akamjibia: hana kazi, yupo tu nyumbani. Ikaandikwa.

Lo, jibu lile lilimtesa binti yule miaka miwili mizima. Aliacha shule darasa la tano, miguu ya bibi ilipokataa kutembea na mama akiwa kiwandani. Sasa alikuwa akiomba mchana mmoja tu, wa Ijumaa, akasome na watu wazima nyuma ya zahanati. Na kila alipoomba, Fundi Saa alishusha lenzi jichoni, akanena kwa utulivu: "Nikupe likizo ya kazi gani, mwanangu? Hata wataalamu waliandika huna."

Basi siku hiyo mdadisi akaketi barazani, penye meza ya saa arobaini ambazo hakuna mbili zinazopatana. Kimya akapita na beseni la mashuka. Akapita na maji ya moto ya bibi. Akapita na pacha mmoja mgongoni na mwingine kiunoni, watoto wa kaka yake, wenye miezi kumi na meno manne kila mmoja, na mkono uliobaki ukiburuta ufagio.

"Na huyu binti?" akauliza mdadisi.

"Huyo weka kama mwanzo. Hana kazi."

"Mzee wangu, safari hii kanuni ni nyingine. Aliyepo nyumbani anajijibia mwenyewe. Dada, njoo ukae, ni dakika ishirini tu."

Shujaa wetu akasimama. Masikio yakamwaka moto. Akatazama vidole vya miguu yake, ambavyo ndivyo baraza lake la vita, kisha akasema kwa sauti ya kupuliza uzi uingie sindanoni: "Nikikaa watalia."

"Basi tufanyeje?"

Hapo, wasikilizaji, ndipo ulipofanyika ujanja ambao majemadari wangeuonea wivu. Kimya akamwekea mdadisi pacha wa kwanza mapajani, wa pili akamkabidhi baba yake, akavuta kigoda, akaketi. Tangu alfajiri makalio yale hayakuwa yameonja kiti.

"Haya, swali la kwanza," akasema mdadisi. Pacha akaikamata kalamu ya kishikwambi akaipeleka kinywani. Mdadisi akaiokoa, pacha akahamia kwenye miwani.

"Amempakata kama anabeba redio," bibi akatoa hukumu kutoka chumbani, mlango ukiwa wazi.

"Subiri kidogo, dada," mdadisi akaomba, jasho likimtoka. "Siwezi kuandika, unaona nina kazi hapa."

Kimya akashauriana tena na vidole vyake. Kisha akainua uso, jambo ambalo mimi sikuwahi kuliona mbele ya mgeni.

"Hiyo unayoifanya sasa," akauliza, "utaiweka kisanduku gani?"

Saa arobaini zikasikika zote. Bibi akacheka mpaka akakohoa.

"Kushika mtoto si kazi, bwana," Fundi Saa akajitosa vitani, "kushika mtoto ni..." Hakumaliza, kwa sababu pacha wa pili alifungua mafuriko yake, yakashuka suruali nzima hadi kwenye kandambili. "Kimya, mwanangu, mchukue huyu."

"Nimekaa, baba. Naulizwa maswali."

Na akaulizwa. Nusu saa kwa nusu saa, tangu saa kumi na moja alfajiri, akataja alichofanya, na kila alipotaja kimoja vilikuwa vitatu kwa pamoja. Mdadisi akalalamika kwamba kishikwambi kinapokea kimoja tu.

"Andika miguu yangu," bibi akaagiza.

Ikaandikwa miguu. Yakaandikwa mashuka, maji, mapacha. Mwishowe mdadisi, miwani upande, akapata kidole kimoja huru, akakibonyeza kisanduku cha kazi, ikatokea alama ya vema, ya kijani, ndogo kuliko punje ya mchele.

Fundi Saa aliitazama kwa lenzi yake. Aliitazama kwa muda mrefu, suruali ikimgandia magotini.

"Ijumaa nitafunga meza saa nane," akasema. "Lakini unionyeshe namna ya kuwashika wote wawili."

"Kwanza mmoja, baba. Wa pili utamzoea."

Basi wenye kuandika tarikhi za wafalme na miji iliyotekwa na waongeze ukurasa. Na huko chuoni, wakuu watakapojumlisha maelfu ya wasichana, wajue kwamba mmoja wao alijibu akiwa ameketi.