Kustaafu kwa Madhumuni ya Safari Tu

"Ofisi ya Elimu Isiyokoma ina heshima kubwa kuutangazia umma kwamba, kuanzia leo, watu wazima wameruhusiwa kujifunza."

Hayo ndiyo maneno aliyoyasoma Mkurugenzi siku tulipozindua Mpango wa Safari Fupi za Kimasomo Ng'ambo kwa Wanafunzi Watu Wazima. Niliyaandika mimi. Nilikuwa Katibu wa Kamati, na ninatoa maelezo haya kwa sababu mtaani yamezagaa maneno ya ajabu ajabu, hasa pale kwa kinyozi wangu, ambako siku hizi nikiingia watu hunyamaza, halafu mmoja anashindwa kujizuia, anacheka na kukohoa kwa pamoja.

Mpango wenyewe haukuwa na kasoro. Chuo kimoja cha ng'ambo kilituandikia kwamba kitapokea watu kumi na wawili kutoka kwetu kwa wiki mbili. Asubuhi wangefundishwa, mchana wangetembezwa. Masomo yalikuwa matatu: madaraja ya kale, ndege wa ziwani, na uchoraji wa rangi za maji. Mtihani hakuna. Tiketi zingeletwa na chuo. Masharti yalikuwa kwamba mwombaji awe ametimiza miaka hamsini na mitano, na awe amestaafu, maana walitaka, kwa maneno yao, "watu waliomaliza kazi lakini hawajamaliza hamu."

Hiyo hamu ilitupa shida kidogo. Ofisini kwetu hatukuwa na fomu ya hamu. Nikatengeneza moja, ya kurasa tisa.

Asubuhi ya kupokea maombi nilikuta foleni imeshuka ngazi zote, imetoka nje na kukunja kona penye duka la vipuri. Mbele kabisa alikuwa shangazi yangu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Lete fomu."

"Si ungenipigia simu tu?"

"Nimekupigia siku nne. Kila siku uko kikaoni. Nikasema, huyu mtoto ama amefungwa, ama amepandishwa cheo."

Shangazi ni mkunga mstaafu. Amezalisha nusu ya mji huu, na akipita sokoni utaona wanaume wenye ndevu zao wanachomekea mashati. Alitaka somo la madaraja. Nikamuuliza kwa nini asichague ndege, ambao ni wepesi. Akaniambia kwamba miaka yote ya kazi alivushwa mto kwa mtumbwi unaovuja, mkoba wake kichwani, mama wa watu analia ng'ambo ya pili.

"Nimekuwa nikijiuliza tangu ujana wangu," akasema, "jiwe linakaaje hewani lisianguke? Nataka mtu anieleze, mimi nikiwa nimesimama juu yake."

Nyuma yake alikuwa Mzee Stempu, aliyepeleka barua mjini kwetu kwa miaka thelathini na moja. Baiskeli yake ya posta ilishakufa, lakini bado hutembea ameinamia mbele kana kwamba anapanda kilima.

"Barua za kila nchi zimepita mikononi mwangu," akaniambia. "Mimi ndiye sijawahi kutumwa popote."

"Unachagua somo gani, mzee?"

"Lolote. Hata wakinifundisha kufua, nitashukuru."

Maombi yakapelekwa mbele ya Kamati ya Utayari, ambayo wajumbe wake walikuwa wakuu wote kumi na wawili wa ofisi, mimi nikiwamo. Tulifanya kazi kwa haki. Ukurasa wa sita ulimtaka mwombaji aorodheshe mambo asiyoyajua na kuambatisha ushahidi. Shangazi aliandika: "Sijui kwa nini mnatuzungusha. Ushahidi: foleni." Tukaona hilo ni jambo la kiutawala, si la kielimu. Mzee Stempu yeye aliorodhesha mambo sitini na manne, kwa mwandiko wa kupendeza. Tukamkataa kwa masikitiko. Mtu anayeyajua kwa uhakika mambo sitini na manne asiyoyajua ni msomi tayari, na kumpeleka chuoni ni kuichezea nafasi. Wengine waliandika tu "mengi", jibu ambalo Mkuu wa Takwimu alisema haliwezi kujumlishwa.

Mpaka saa sita hakuna hata mmoja aliyepita. Mkurugenzi akavua miwani.

"Jamani, tuambizane ukweli. Chuo kinataka vichwa vyenye nafasi. Katika mji mzima huu, ni nani mwenye nafasi kubwa zaidi kichwani?"

 Kisha Mkuu wa Takwimu akanyoosha mkono polepole. Nikanyoosha na mimi, nisionekane najidai. Haikupita dakika, mikono kumi na miwili ilikuwa juu, na kwenye muhtasari nikaandika kwamba uteuzi ulifanyika kwa uwazi na kwa ushindani.

"Umri tunao," akasema Mkurugenzi, amefurahi. Ni kweli, pale hakukuwa na mkuu aliye chini ya miaka hamsini na saba.

"Ila kuna kisiki kimoja, mheshimiwa," nikasema. "Hatujastaafu."

"Kustaafu ni nini?"

"Ni karatasi, mheshimiwa."

"Basi ziletwe tusaini, tuondoke."

Tukasaini Matamko ya Kustaafu, kila mtu lake. Mkurugenzi akayaidhinisha yote, pamoja na la kwake mwenyewe, na chini nikaongeza kwa kalamu: "kwa madhumuni ya safari tu." Kwa kuwa tiketi zilikuwa njiani, nikayagonga muhuri mwekundu wa HARAKA SANA, nikayapeleka Kitengo cha Mafao, kile chumba kilicho chini ya ngazi ambamo mafaili yamepanda kutoka sakafuni hadi yakaziba nusu ya dirisha. Karani wake tunamwita Bi Jalada. Ni mtu mpole, mwenye sweta la kijivu, na nilikuwa sijawahi kumsikia akisema zaidi ya "weka hapo."

"Weka hapo," akasema.

Sasa, ili umma usivunjike moyo, Mkurugenzi aliagiza kwamba waombaji kumi na wawili wa mwanzo, akiwemo shangazi na Mzee Stempu, wapewe Maandalizi ya Awali ya Safari katika ukumbi wa mikutano, hadi sisi tutakaporudi na ripoti. Viti vilipangwa safu safu na njia katikati. Kila mmoja aliagizwa aje na mzigo wa safari na pasipoti yake ya kawaida, kama zana za kufundishia. Wasiokuwa nazo walikimbia kuzitafuta. Mikanda ilikatwa kwenye mapazia ya zamani. Dereva wa ofisi aliteuliwa kuwa rubani, na mpiga chapa wetu akawa anapita na sinia la vikombe vya maji akisema "karibu" kwa sauti ambayo ofisini hatukuwahi kuisikia kwake.

Nilikwenda kukagua mara moja, nikakuta Mzee Stempu amekaa kiti cha dirishani, ingawa dirisha halikuwepo. Alikuwa anautazama ukuta kwa makini.

"Tunapita wapi sasa?" akamuuliza rubani.

"Juu ya masjala, mzee."

"Mbona kama tumesimama?"

"Kuna foleni mbele."

Dereva akatangaza hali mbaya ya hewa, na safu nzima ikaanza kujitikisa kwenye viti, wazee wanacheka mpaka machozi, shangazi anamshika mkono jirani yake na kumwambia, "Pumua, mama, pumua, tumekaribia." Nilipomwona Mkurugenzi mlangoni nikadhani atakasirika. Lakini alikuwa anatabasamu.

"Angalia walivyoridhika," akaninong'oneza. "Sasa ng'ambo wangeenda kufuata nini?"

Shangazi alimsikia. Masikio ya mkunga ni balaa.

"Wewe!" akamwita Mkurugenzi wa ofisi nzima, akiwa bado kafungwa pazia kiunoni. "Wewe nilikupokea kwa mikono hii. Ulitoka umekunja uso, kama unadaiwa majibu. Kwa hiyo mnaenda nyinyi?"

"Mama, ni utaratibu," akasema Mkurugenzi.

"Mwanangu," shangazi akanigeukia mimi, "ni kweli?"

Nikamwambia kwamba uteuzi ulifanyika kwa uwazi na kwa ushindani.  Alikaza pazia lake, akatazama mbele, mahali ambapo rubani alikuwa anatengeneza ngurumo kwa mdomo. Nakiri kwamba chakula cha mchana siku ile hakikupita vizuri, lakini naona ni kwa sababu ya kula haraka.

Siku ya safari tulifika ofisini saa mbili na nusu asubuhi, wote kumi na wawili, tumevaa suti, masanduku yamejaa ukumbi wa mapokezi. Mkuu wa Takwimu alikuwa amenunua kofia ya kutazamia ndege. Tulipanda kwenda kuchukua tiketi, tukamkuta Bi Jalada ameketi kwenye kiti cha Mkurugenzi, na sweta lake limetundikwa pale panapotundikwa koti la Mkurugenzi.

"Hongereni sana," akasema, akasimama na kutupa mkono mmoja mmoja, kisha akagawa bahasha.

Mkurugenzi akafungua yake. Akaisoma. Akaisoma tena.

"Bi Jalada, hii ni nini?"

"Barua ya kustaafu, mzee."

"Ya nani?"

"Yako. Na wenzako wote. Zimekamilika."

"Lakini... watu si hungojea miaka mitano, sita?"

"Hungojea sahihi yako, mzee. Hizi zilikuja nayo." Macho yake yakang'aa. "Miaka kumi na tisa nimekaa kile chumba, sijawahi kuona faili lililokamilika. Nilishangaa, nikawaita wenzangu waje waone. Mmoja alipiga picha."

"Tumeandika ni kwa madhumuni ya safari tu!" nikasema mimi.

"Hayo yameandikwa nje ya mstari, baba. Kilicho nje ya mstari hakisomwi. Ni waraka wako wa mwaka juzi, nimeubandika mlangoni."

Waraka huo naukumbuka. Ulipongezwa.

Mkurugenzi akakaa kwenye kiti cha wageni, ambacho ni kifupi kuliko alivyodhani. "Na wewe uko hapa kwa kazi gani?"

"Wakuu wote wakitoka, anayefuata kwa muda kazini anakaimu. Nimekaimu tangu saa mbili. Ah, na pasipoti za kikazi, tafadhali, mniachie hapa mezani. Mstaafu hasafirii hizo."

"Tutasafiri na nini, basi?"

"Hamsafiri, mzee."

"Na chuo? Chuo kinasubiri watu kumi na wawili!"

"Wastaafu kumi na wawili wenye pasipoti za kawaida," akasema Bi Jalada. "Ninao ukumbini. Wameshafunga mikanda."

"Nakata rufaa!"

"Ni haki yako kabisa. Rufaa ya kustaafu husikilizwa na kikao cha wakuu."

"Kiitwe sasa hivi!"

Bi Jalada akamtazama kwa huruma, namna mtu anavyomtazama mgonjwa. "Kimestaafu, mzee."

Nilimfuata Bi Jalada ukumbini, sijui kwa nini, labda kwa mazoea ya kuandika muhtasari. Alisimama mbele ya viti akawaambia kwamba basi liko nje na tiketi ni zao. Hakuna aliyeinuka. Walidhani ni sehemu ya somo. Mzee Stempu ndiye aliyenyoosha mkono.

"Tushuke ndege ili tukapande ndege?"

"Ndiyo, mzee wangu. Ya kweli."

"Rubani hajasema."

Wote wakamtazama dereva. Dereva akasema kwa sauti yake ya kawaida kabisa, "Tumefika, wazee wangu. Shukeni polepole."

Mzee Stempu akafungua pazia lake, akalikunja mara nne kwa unadhifu, akaliweka kitini. Aliposimama akaushika mgongo wa kiti cha mbele. "Leo natumwa mimi," akasema, na shangazi akapiga kigelegele kilichofungua milango ya ofisi tatu. Baada ya hapo sikumbuki utaratibu wowote. Walitoka wanasukumana kama wanafunzi siku ya kufunga shule, mpiga chapa anawarushia vikombe vya karatasi, na mzee mmoja ambaye hata kiatu hakikuwa kimefungwa kamba ndiye aliyefika basini wa kwanza.

Shangazi alisimama mbele yangu. Nilitegemea maneno, tena makali, na nilistahili. Alinirekebisha tu kola ya suti.

"Nikijua jiwe linakaaje, nitakueleza," akasema. "Sasa niteremshie mkoba."

Nikauteremsha. Mkurugenzi alikuwa kwenye ngazi, nimempita ameketi. Naye akapewa masanduku mawili na mtu aliyemdhania ni mchukuzi, akayabeba hadi chini.

Basi lilipoondoka alikumbuka kwamba miwani yake imebaki mezani juu. Tukageuka kuingia. Mlinzi, ambaye miaka yote humpigia saluti, alitusukumia daftari la wageni.

"Jina, unamwona nani, na shida gani."

Mkurugenzi akajaza jina. Kwenye shida akakwama, kalamu hewani. "Tuandike nini?" akaniuliza.

"Sijui, mheshimiwa."

"Wasiojua shida yao wanaanzia dirisha la saba," akasema mlinzi.

Dirisha la saba lilikuwa limefungwa. Pembeni palikuwa na kiti kimoja cha plastiki. Mkurugenzi akaketi, mimi nikasimama nyuma yake, na kabla saa haijaisha tulikuwa kumi na wawili.