Taa za Polisi Zilivyonifikisha Ukweni

Leo nimeaibika. Naandika mwenyewe, kwa kidole kimoja, kabla video haijawafikia. Walioipiga ni vijana wa Galbet, mtaa wa Garissa, na vijana wa Galbet hawana huruma na mtu.

Mnanijua. Mimi si mtu wa kuhadithiwa gari. Nilianza kama taniboi, msaidizi wa dereva wa lori, nikalala juu ya magunia, nikashika usukani, nikanunua lori langu, leo nina duka Habaswein na pikapu ya kutembelea. Shule niliacha darasa la pili (mwalimu alinipiga, nikamrudishia, mambo yakaishia hapo). Nilicho nacho nimekipata kwa mikono hii. Kwa hivyo kuna vitu sipendi kufundishwa, na cha kwanza ni barabara.

Sasa sikieni.

Mwanangu Abdullahi anataka kuoa. Msichana anaitwa Ifrah, wa Garissa mjini, binti ya Mzee Hirsi. Huyu Hirsi alikuwa mwalimu mkuu. Amestaafu, lakini bado anaongea na watu wazima kama wamechelewa paredi. Ukutani kwake kuna vyeti vingi kuliko madirisha. Mara ya kwanza tulipoenda kuposa, alitukalisha hadi chai ikapoa, halafu akasema, "Kijana ni mzuri. Tatizo ni baba yake. Ana kelele." Mbele yangu! Akatuambia turudi nyumbani tukatulie kwanza.

Juzi akanipigia simu. "Njooni kabla ya alasiri. Mje kimya, mje kwa heshima. Nikikataa mara hii, nimekataa."

Abdullahi tangu siku hiyo hali chakula vizuri. Kwetu kijana haendi kujiposea, anabaki nyumbani anaumwa tumbo. Asubuhi aliniaga akiwa amenishika mkono kwa mikono yake miwili. "Aabo, leo usigombane na mtu."

"Nigombane na nani?" nikamwambia. "Mimi ni mtu wa amani." (Alitazama chini.)

Nikapakia pikapu. Mbuzi wanne weupe, wamenona mpaka wanatembea kama wake wa matajiri. Gunia la sukari, gunia la mchele, mtungi wa samli. Wazee wetu wengine walikuwa wametangulia, wako kwa Hirsi wanatungoja. Mimi nikatoka na binamu yangu Dekow, ambaye kazi yake ni kusema maneno matamu kwenye posa. Mimi ya kwangu ilikuwa kunyamaza na kuleta mzigo. Kazi rahisi, sivyo?

Safari ilikwenda vizuri mpaka Modika, pale unapoanza kunusa mji. Pembeni ya barabara kulikuwa na gari ya polisi. Taa za juu zinawaka, buluu, zimetulia, hazichezi.

Nikapunguza mwendo, nikasimama nyuma yake, nusu ya pikapu ikiwa barabarani, nikazima injini.

Wale waliowahi kupeleka mizigo Mandera wananielewa. Huko juu hatukuwa tunatembea kila mtu na njia yake. Gari ya polisi inasimama na taa zinawaka, malori yanajipanga nyuma, tukikamilika tunaondoka pamoja. Taa zimetulia, unangoja. Zikianza kumweka, kuwaka na kuzima, tunakwenda! Na ikiwa nyuma yako kuna gari nyingine ya polisi inamwekamweka, hiyo imefunga mkia wa msafara, inakwambia kanyaga, hapa ni pabaya, usisimame hata kofia ikipeperuka. Sheria hiyo sikuisoma mahali. Niliiishi. Ndiyo iliyonirudisha kwa watoto wangu.

Basi nikangoja msafara. Dekow akashuka, akafungua mlango wa nyuma asukume gunia la mchele lililokuwa linawabana mbuzi.

Magari nyuma yangu yakaanza kupiga honi. Nikawapuuza. Watu wa mjini hawana subira.

Afisa akaja dirishani. Mwanamke, kijana, rika la binti yangu wa mwisho, kofia imemkaa sawa.

"Mzee, gari imeharibika?"

"Hapana. Nangoja msafara."

"Msafara wa nani?"

"Wenu."

Akanitazama. Akatazama gari yao. Akanitazama tena.

"Mzee, sisi tuko hapa tu tunaangalia barabara. Hakuna msafara. Nenda zako, safari njema."

"Sasa hizo taa mmewasha za nini kama hamwendi popote?"

Akacheka. Si kwa ubaya, lakini alicheka, na mimi kuchekwa na mtu wa rika lile ni kitu kinanipanda kichwani. Nikawasha gari.

"Dekow! Panda!"

"Ngoja nifunge komeo..."

"Panda nimesema! Hirsi anatungoja!"

Akapanda. Sasa anaambia watu kwamba alinitajia komeo. Mimi naapa sikusikia. (Nilisikia.)

Tukapita tuta la kwanza. Tukapita la pili. Ndipo nikaona kwenye kioo: ile gari ya polisi iko nyuma yangu, na taa sasa zinamweka! Buluu, buluu, buluu! King'ora kinalia!

Moyo wangu ulifurahi, nisiwadanganye. Nikajiambia, yule binti amenitambua. Ameuliza kwenye redio, ameambiwa mzee huyu ni nani, ameona haya, sasa anafunga mkia. Nikakanyaga.

"Walaal, ndugu yangu," Dekow akasema, "hawa nadhani wanatuita."

"Wanatusindikiza."

"Wanatusindikiza kwa sababu gani?"

"Kwa sababu wana adabu. Kaa chini."

Polisi wakaongea kwa kipaza sauti. Upepo ulikuwa mwingi, pikapu yenyewe ina kelele, nilipata neno moja tu, "Mzee." Nikatoa mkono dirishani nikawashukuru. Nikawawashia taa za pembeni, kulia na kushoto pamoja, kama tulivyokuwa tukiagana zamani. Wao wakazidisha king'ora. Mimi nikazidisha mwendo. Tukaelewana vizuri kabisa.

Tukaingia mjini. Jamani, watu wa Garissa! Wenye maduka wametoka nje. Akina mama wa maziwa wamesimama, wananinyooshea mikono, wanaita kwa sauti. Vijana wanakimbia kando ya gari. Nikasema, wallahi, mji huu bado unanikumbuka. Nikawapungia. Nikapiga honi. Mama mmoja alikuwa anakimbia na mbuzi mweupe mikononi, anapiga kelele, nami nikampungia yeye zaidi ya wote, maana nilidhani ananiletea zawadi.

"Hiyo mbuzi..." Dekow akaanza.

"Nzuri, ndiyo. Lakini za kwetu ni nzuri zaidi."

Kwa Hirsi lango lilikuwa wazi. King'ora kilikuwa kimewatoa wazee wote, wake na wangu, wamesimama mbele ya mikeka, na vijana wameshika simu juu. Nikaingia, nikasimamisha gari katikati ya uwanja. Gari ya polisi ikasimama nyuma yangu, taa bado zinamweka kwenye ukuta mweupe wa mwalimu mkuu.

Nikashuka polepole. Nikanyoosha koti. Nikashika bakora. Niliagizwa nije kimya, najua. Lakini niambieni, ni mzee gani angepata siku kama ile akanyamaza?

"Assalamu alaikum!" nikasema, na sauti yangu mnaijua. "Sisi tumefika. Hatukuja wenyewe. Serikali ndiyo imetuleta!"

Wazee wakanyoosha shingo. Walikuwa wanatazama nyuma ya pikapu.

Nikageuka.

Mlango wa nyuma ulikuwa unaning'inia kama ulimi wa ngamia mgonjwa. Sukari, hakuna. Samli, hakuna. Gunia la mchele lipo, limepasuka, na juu yake amekaa mbuzi mmoja, kamba imemnasa mguuni, ndiyo maana alifika. Wale wengine walikuwa wameshuka kwenye matuta, mmoja mmoja, kama abiria waliofika kwao.

Yule afisa akatoka kwenye gari yao akiwa amebeba mbuzi kifuani. Kofia imepinda. Sare imejaa sukari.

"Mzee," akasema, "huyu ni wako?"

Nikanyamaza. (Sasa ndiyo nikanyamaza!)

"Nimekufuata kutoka Modika. Nimekupigia king'ora. Nimekuita kwa kipaza sauti mpaka sauti imekauka. Mzee, gari ya polisi ikiwa nyuma yako, taa zinamweka, wewe unafanya nini?"

Ningeweza kudanganya. Lakini mimi si mwongo, na Dekow alikuwa pale.

"Nakanyaga," nikasema.

Kicheko kilichotoka kwenye ile mikeka sijawahi kukisikia. Wazee wangu mwenyewe! Mmoja alishika mti asianguke. Ni Mzee Hirsi tu hakucheka. Aliinua kidole, kile cha darasani, kila mtu akatulia.

"Binti," akamwambia afisa, "mweleze. Taratibu. Huyu ni mgeni wa somo."

Na yule binti akaeleza, mbuzi bado kifuani, mbele ya watu ninaowaomba mke wa mwanangu.

"Taa zetu zikiwa zinawaka tu na zimetulia, tunajionyesha. Tuko doria, mtuone. Hakuna haja ya kusimama, punguza mwendo kidogo, endelea na safari yako. Zikimweka, tuna haraka au tuna neno na mtu. Sogea pembeni utupishe. Tukikupita, haikuwa wewe. Tusipokupita, tukabaki nyuma yako, basi ni wewe. Simama mahali salama, utulie ndani ya gari, tutakuja dirishani."

"Umesikia?" Hirsi akaniuliza.

"Nimesikia."

"Rudia."

Wallahi nilirudia. Nikiwa na mvi hizi, na bakora mkononi, nilirudia kama mtoto wa darasa la pili. Zikitulia, endelea. Zikimweka, pisha. Zikibaki nyuma, simama. Nikakosea ile ya mwisho, nikarudishwa mwanzo.

Nilimuuliza afisa kama ananipeleka kituoni. Kusema kweli nilikuwa natamani anipeleke. Kituoni kuna kuta.

"Kosa la mlango ninalo," akasema. "Lakini naona hapa umeshahukumiwa." Akanikabidhi mbuzi, akapangusa sukari, akaondoka. Taa zake zilikuwa zimetulia. Nilizitazama mpaka zikapinda kona.

Nikajua yamekwisha. Nikawa namfikiria Abdullahi pale Habaswein, amekaa kando ya simu. Nitamwambia nini? Kwamba mke amekwenda na samli?

Nikamwendea Hirsi. Dekow wa maneno matamu alikuwa amejificha nyuma ya pikapu. "Mwalimu," nikamwambia, "kijana hakuwa kwenye gari. Makosa ni yangu. Ukinikatalia mimi ni sawa. Yeye usimkatalie kwa ajili yangu."

Hapo uso wa Hirsi ukaanza kucheza. Kwanza mdomo, halafu ndevu, halafu mabega. Mtu ambaye hajacheka tangu alipostaafu alikaa chini kwenye mkeka, akacheka mpaka akavua miwani. Alipopata pumzi akasema:

"Binti tumekupa. Nilikuwa nakuogopa, nikidhani una majivuno ya kuvunja nyumba za watu. Kumbe yanavunja magunia tu."

Wazee wakasoma Fatiha. Chai ikaja. Bila sukari ya kutosha, maana walikuwa wanangojea ya kwangu.

Basi posa imekubaliwa. Nimempigia Abdullahi, amelia kwa furaha, amekula. Mimi ninayo furaha yake, ndiyo, lakini inaniuma hapa kifuani, kwa sababu nilipoposa nikiwa mwenye heshima nilikataliwa, na nimekubaliwa nikiwa kichekesho. Maisha yangu yote nimetafuta jina kwa jasho, leo watoto wa Galbet wananiita "Nakanyaga." Nimepita dukani kununua maji, muuzaji akaniuliza, "Adeer, mzee wetu, leo uko peke yako, bila serikali?"

Yule mama amemrudisha wa kwake, lakini mbuzi mmoja bado hajulikani alipo. Ni mweupe, kama mbuzi wote wa Garissa. Mkimwona, mwacheni. Yeye angalau alishuka mapema.

Na ninyi madereva wenzangu, nawaomba: msicheke. Atakayecheka nitamjua, na siku ya harusi ya Abdullahi nitamfuata mwenyewe kwake, nimpakie kwenye pikapu, nimwendeshe mimi.