Historia Sahihi ya Wazimamoto wa Jengo la Yasmini

Alhamisi, 6 Novemba 2014

Siku njema kupita kiasi! Madam Muna, anayesimamia jengo letu hapa Al Baraha kwa niaba ya mwenye mali, alituita wote wanane wa faya timu pale chini mlangoni baada ya kazi. Eti Ijumaa ijayo timu inatimiza miaka mitatu. Atakuja afisa kuikagua. Madam anataka mambo mawili. Kwanza, historia ya timu, ukurasa mmoja, itiwe fremu itundikwe mlangoni. Pili, mkuu wa timu, achaguliwe kwa kura Alhamisi, apewe helmeti nyekundu. Miaka mitatu hatukuwa na mkuu. Tulikuwa na mitungi minne ya kuzimia moto, ndoo sita za mchanga na firimbi.

Nilijitolea kuandika historia kabla hajamaliza kusema. Wenzangu wakashusha pumzi. Wajinga! Anayeandika ndiye anayeamua nani alianza.

Sababu yangu ni hii, na naiandika hapa tu. Mwaka juzi nilimwambia Mama kwa simu kwamba mimi ndiye mkuu wa wazimamoto Dubai. Ilinitoka tu. Alikuwa amenisimulia dakika ishirini habari za mtoto wa jirani aliyepata kazi bandarini. Tangu hapo mtaa wetu wa Kibokoni, kule Mombasa, wote unajua. Na Alhamisi ijayo anakuja Ami Adib, ndugu wa marehemu baba, kununua vipuri vya magari. Atafikia kwangu. Ami Adib ni mtu wa kukagua. Hata haluwa huipindua aitazame chini.

Nina siku saba za kuufanya uongo wangu kuwa kweli. Zinatosha.

Ijumaa, 7 Novemba

Baada ya swala nimekaa kuandika. Mambo yenyewe ni mafupi mno, ndiyo shida. Novemba 2011 Bi Kijakazi wa fleti ya 11 alikuwa anakaanga sambusa zake za kuuza. Mafuta yakashika moto. Sulaiman, Mganda wa fleti ya 9, askari wa ghala kule freezone, akaingia na blanketi lililoloweshwa, akafunika karai. Khalas. Kesho yake Madam Muna akaunda timu.

Historia gani hiyo? Haina mvuto. Nimeandika: "Bwana Shakir alikuwa mtu wa kwanza kufika." Ni kweli tupu. Nilikuwa wa kwanza kufika barabarani, na taulo kiunoni na sabuni kichwani. Sulaiman nimempa sentensi nzima: "Wengine walisaidia."

Tena nimerekebisha jina. "Faya timu" si Kiingereza, si Kiswahili. Kitu cha kutiwa fremu kinataka lugha. Nimeandika: Wazimamoto. Neno zito, lina heshima zake. Munir, ninayekaa naye chumba kimoja, ameuliza faya timu ina ubaya gani. Nimemwambia mambo ya lugha aniachie mimi.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimepiga hesabu ya kura. Mbaya. Munir ni wangu. Waliobaki wote ni wa Sulaiman, kwa kuwa huwabebea kina mama mitungi ya gesi hadi ghorofa ya tatu bila kuombwa. Ujanja wa hali ya juu, na anaufanya mwaka mzima bila kuchoka!

Dawa: wanachama wapya. Nikiwaandikisha mimi, watanipigia mimi. Fomu ya Madam inataka nakala ya kitambulisho na aina ya damu. Nimeandika tangazo kwa wino mwekundu, nakala kumi, nimebandika kila ghorofa:

WAZIMAMOTO WANATAFUTA WATU WA KUJITOLEA. Wake kwa waume. Leta nakala ya kitambulisho na aina ya damu yako. Usiyejua, utapimwa. Kuingia ni mmoja mmoja, chumba cha pampu, chini kabisa. Juisi bure.

Juisi ni wazo langu mwenyewe. Najivunia sana.

Jumapili, 9 Novemba

Nimekaa chumba cha pampu tangu alasiri hadi magharibi na pakiti kumi na mbili za juisi. Hakuja mtu. Prossy, yule Mganda anayefanya usafi hotelini, alikuwa anashuka ngazi. Akaniona. Akafanya ishara ya msalaba, akapanda alikotoka. Watoto wa ghorofa ya pili walichungulia mara moja wakakimbia kwa mayowe.

Hapa pana mkono wa Sulaiman. Sijui amefanya nini, na hilo ndilo linalonionyesha amekifanya vizuri. Nimekunywa juisi nne.

Jumatatu, 10 Novemba

Bi Kijakazi amekataa kuniuzia sambusa! Hakufungua hata mlango. Alisema kupitia kitundu kwamba yeye ni mtu mzima, damu yake imekwisha, na iliyobaki imejaa sukari, nimwache. Nikadhani ni mgonjwa. Nikampa pole, nikamwambia akitaka nitampeleka mimi mwenyewe akapimwe. Nikasikia komeo la pili.

Ofisini nilikuwa nikiwaza jambo hilo, nikabandika lebo za feni kwenye katoni za viatu. Arbab, bosi wangu, hajagundua bado.

Jumanne, 11 Novemba

Mambo yamefunuka. Si Sulaiman.

Bi Kijakazi na Prossy hawajawahi kukubaliana juu ya kitu chochote. Mwaka wa pili huu wanagombania kamba ya kuanikia nguo juu ya paa. Leo Munir amenivuta hadi kwenye ngazi, nikawakuta wamekaa pamoja, wameshikana mikono. Bi Kijakazi akaniambia utotoni mwake kule Mombasa wazimamoto hawakuwa wakizima kitu. Walikuwa na gari jekundu. Likipita, mama wanawaita watoto ndani, maana aliyekamatwa alipelekwa akatiwa shimoni, akanyonywa damu hadi ya mwisho. Prossy akasema nyanya yake Masaka alimpa habari ile ile, neno kwa neno. "Bazimamoto, hao! Hata ndoo wako nazo."

Kwa hiyo hawa wawili wameishi miaka mitatu kwa raha na faya timu. Wakawa wanaipenda. Kisha nimekuja mimi nikawaletea wazimamoto, wanaotaka damu, mmoja mmoja, chini kabisa. "Na juisi," Prossy akaongeza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha nielewa.

Nimewaeleza nusu saa nzima kwamba hizo ni hadithi za zamani. Wamenisikiliza kwa adabu sana. Hakuna aliyesogea karibu.

Nimebandua matangazo tisa. La kumi analo Sulaiman. Anasema anamtumia ndugu yake Kampala, apate kucheka kidogo.

Jumatano, 12 Novemba

Kura ni kesho. Maneno yamenishinda, sasa vitendo! Wakiniona nazima moto kwa macho yao, wataniheshimu. Lakini moto wa kweli ni hatari, tena Madam atatufukuza. Nikataka moshi tu, moshi mwingi na salama. Nimechukua chetezo, nikajaza makaa, nikamimina udi wote wa Munir, ule aliomnunulia mkewe. Saa kumi na moja jioni ukumbi mzima ulikuwa haupitiki kwa moshi. Nikatoka na mtungi mkononi. Nikapiga firimbi. Nikapaza sauti: Moto! Moto!

Hakuna aliyesikia, kwa sababu Bi Kijakazi alikuwa amekwisha anza vigelegele.

Udi wa namna ile na firimbi, watu wanajua maana yake. Wamekuja ghorofa zote tatu, wanapiga makofi, wanauliza bibi harusi ni nani. Prossy, aliyekuwa akinikimbia, amenikumbatia. Nikajaribu kufungua mtungi nizime walau chetezo. Haukufunguka. Sulaiman akanionyesha pini taratibu, asinitie aibu mbele ya wageni wangu.

Nimepokea pongezi hadi magharibi. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza. Nimesema tarehe bado inapangwa. Munir haongei nami.

Alhamisi, 13 Novemba

Kura zimepigwa. Sulaiman saba, mimi moja. Munir ameniapia kwamba ile moja ni yake. Sulaiman naye kaapa ni yake. Ilikuwa yangu.

Saa mbili zilibaki Ami Adib afike. Nilimwendea Sulaiman nikamwomba helmeti kwa siku moja. Akauliza ya nini. Nikamweleza yote: Mama, Kibokoni, Ami. Sijawahi kumwambia mtu. Alicheka hadi akakalia ndoo ya mchanga. Kisha akanivalisha ile helmeti kichwani mwenyewe, akanifungia mkanda kidevuni. Akasema: "Chukua, ndugu. Mama ni mama." Nimekaa na mpango wa kumchukia mtu huyu miaka mitatu. Leo umenishinda, na sioni nitaanzia wapi tena.

Nikasimama mlangoni, kifua mbele. Teksi ikasimama, Ami akashuka, akaniona. Akarudi nyuma hatua mbili. Hakunipa mkono mpaka nilipoivua.

Juu chumbani nikampa chai, akatoa alichotumwa. Mama analia. Tangu mwaka juzi shoga zake wazee wamekatika mmoja mmoja kwenda kwake. Watoto wakifika mlangoni petu hukimbia. Jirani mmoja alimuuliza waziwazi kama lile friji nililompelekea limetokana na damu za watu. Yeye ananitetea, anasema mwanangu hana roho hiyo, huenda ni mkuu tu, hanyonyi mwenyewe. Ananiomba, kama nataka radhi zake, niiache kazi ile.

Niliumia. Nasema kweli, niliumia sana. Nilitaka wamwonee wivu, kumbe nimemfungia mlango mama yangu miaka miwili kwa neno moja. Nikamwambia Ami nimeacha leo leo, naapa. Ami akasema yeye hayaamini mambo hayo hata kidogo. Kisha akaomba kitanda cha karibu na mlango.

Ijumaa, 14 Novemba

Sherehe. Afisa amekuja, mtu mpole, amekagua mitungi, amekubali biskuti. Madam akaniambia yalla, soma. Nikasoma kwa sauti ya redio. Nilipofika "Bwana Shakir alikuwa mtu wa kwanza kufika," Bi Kijakazi akauliza kutoka nyuma: "Kufika wapi?"

Ami Adib akageuka kunitazama.

Akasimama mama wa watu, akasema yeye alikuwapo, karai lilikuwa lake. Moto ulizimwa na Sulaiman. Lakini yeye alikuwa ameganda jikoni kwa hofu, na majirani wamelala mchana wa Ijumaa, na kilichowatoa wote nje wazima ni huyu Shakir, aliyekuwa barabarani na taulo anapiga kelele kama kachomwa yeye. Sauti ile, akasema, hajaisahau. Madam akamfasiria afisa. Afisa akasema kutoa ilani ndiyo kazi ya kwanza ya timu yoyote ya moto, akanipa mkono. Watu wakapiga makofi. Ami akapiga pia.

Sikufurahishwa. Kelele! Ukurasa mzima nimeuandika, wiki nzima, halafu nakumbukwa kwa kelele.

Madam ameuchukua ukurasa wangu, ameugeuza, akaandika nyuma yake sentensi tatu alizoambiwa na Bi Kijakazi: "Kijakazi alikaanga. Sulaiman alizima. Shakir alipiga kelele." Juu yake: Faya Timu. Imetiwa fremu hivyo hivyo. Nimepita mlangoni mara sita kuisoma. Mara ya sita nimeona kwamba jina langu liko peke yake kwenye mstari wake. Haikukaa vibaya.

Kisha Sulaiman akagawa kazi. Mimi nimepewa kukusanya aina za damu za wanachama wote kwa ajili ya fomu ya Madam. Alisema, bila kutabasamu, kwamba nina uzoefu.

Jumamosi, 15 Novemba

Asubuhi tulivu. Ami ametoka kutafuta vipuri. Amenipiga picha kichwa wazi, akawaonyeshe Kibokoni kwamba helmeti sinayo. Munir anaongea nami, kwa sharti la udi mpya. Sambusa za Bi Kijakazi zimerudi, na jana alinizidishia mbili. Kwa kweli sina la kulalamika.

Imebaki kumtuliza Mama. Nimewaza sana. Kumwambia nimeacha tu haitoshi. Ataambiwa mwanawe hana cheo, na yule wa bandarini anacho. Amenilia vya kutosha, anastahili habari ya kumfurahisha. Na safari hii sikutaka kusema uongo hata chembe. Nimemtumia ujumbe wa sauti, nikautamka polepole ili ausikilizishe majirani:

"Mama, tulia. Mambo ya moto nimeyaacha kabisa. Wamenipa cheo kingine, sasa mimi ndiye mkuu wa damu. Watu wenyewe wananiletea."

Alama zimegeuka bluu. Ameusikia. Saa ya tatu hii hajajibu neno. Furaha imemzidi, maskini.