Sibéal Hajafa, Amelala

Gort na Móna,
Jumatatu, tarehe 19 Januari

Kwako Mhariri, pamoja na wote wanaokusaidia kulitoa gazeti letu kila Alhamisi, mvua inyeshe isinyeshe (na inanyesha),

Natumaini barua hii itakukuta mkavu. Sisi huku hatujambo, ila tumelowa. Mvua ilianza wiki ya kwanza ya Oktoba, ikapumzika kidogo siku ya Krismasi wakati wa misa, ambapo sote tulikuwa ndani, kisha ikarudi kazini. Sina ugomvi na mvua. Nilizaliwa ndani yake, na Mungu akipenda nitazikwa ndani yake. Ugomvi wangu ni na wasomaji wako.

Jina langu ni Bartley Mulkerrin, mzee wa miaka sabini na sita, karani mstaafu wa mahakama ya wilaya. Ninaishi na farasi mmoja. Anaitwa Sibéal, farasi jike mweupe wa aina yetu ya huku, mfupi, mnene kuliko inavyostahili, mwenye umri wa miaka thelathini na mmoja, ambayo kwa farasi ni sawa na bibi aliyezidi tisini. Alikuwa wa marehemu mke wangu, Delia. Ninalalamika kwamba katika majira haya ya baridi peke yake farasi huyu ametangazwa kufa mara kumi na moja, na hajafa hata mara moja.

Niruhusu nieleze mazingira, kama tulivyozoea mahakamani. Shamba langu lote ni tope. Pale getini linafika magotini. Wiki iliyopita lilinivua gambuti la kushoto na mpaka leo halijalirudisha. Nimemjengea Sibéal banda zuri la mbao, paa la bati, majani makavu chini. Hajawahi kuingia. Mvua ikimwagika yeye husimama nje, ameupa upepo mgongo, akinitazama mimi niliyejibanza bandani na toroli langu, kama mwenye nyumba anavyomtazama mpangaji. Sasa, farasi anaweza kusinzia akiwa amesimama, lakini usingizi wenyewe, ule wa ndoto, humtaka alale ubavu. Na bibi mwenye heshima zake halali ndani ya maji. Kwa hiyo Sibéal hungoja. Hungoja siku tatu, nne, hata wiki, mpaka jua lichungulie kwa dakika kumi. Hapo huenda kwenye sehemu moja tu iliyokauka katika shamba langu zima, kile kimwinuko kilicho kando ya barabara, hatua nne kutoka ukuta wa shamba, akagaagaa mpaka weupe wake uwe rangi ya udongo, kisha akajinyoosha chini: miguu minne imekakamaa, ulimi nje, jicho moja nusu wazi. Na barabara hiyo ndiyo iendayo kanisani, posta, dukani na kwa daktari.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Simu. Bi Attracta Gavin, jirani yangu wa nyumba ya tatu, ambaye tangu tukiwa darasa la kwanza hajakubali mtu mwingine awe wa kwanza kujua jambo, hunipigia kabla gari lake halijasimama vizuri. "Bartley, umekaa? Kaa kwanza." Mimi hukaa. "Pole mpenzi. Amekwenda. Amekwenda kwa amani, nimemwona usoni." Nikimwuliza alimwonaje usoni kwa mwendo ule anaoendesha, hunijibu, "We Bartley, maiti haijifichi. Ningekuwa mimi ningeshavaa tai." Naomba iandikwe kwamba mara zote sita ambazo Bi Attracta amemuua Sibéal, marehemu aliamka ndani ya nusu saa na kuja getini kudai chakula.

2. Pai. Kwetu msiba ukitajwa, mwanamke huwasha oveni kwanza ndipo aulize nani amekufa. Kwa vifo hivi kumi na moja nimeletewa pai tisa za tofaa, keki mbili za zabibu kavu, na sinia la mikate ya nyama ambalo mwenyewe hajajitokeza kulichukua. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi mwenyeji nimepona mpaka suruali zangu hazifungi. Tena kuna swali la kisheria ambalo hakuna aliyenijibu: je, pai ya msiba huliwa, endapo marehemu anakuchungulia dirishani? Haikubaliki kuirudisha, hilo ni tusi. Nimezila zote, lakini kwa shingo upande.

3. Padre. Padre Malachy ni mgeni hapa parokiani, kijana wa mjini, ana moyo mzuri na viatu visivyofaa. Alikuja na chupa ya maji ya baraka. Nilimwambia kwa adabu zote kwamba maji tunayo ya kutosha. "Hapana, Mzee Bartley," akasema, "twende tumwombee, kiumbe ni kiumbe." Pale getini tope likachukua kiatu chake likakiweka pamoja na gambuti langu. Alipofika kimwinukoni, mguu mmoja kiatu, mguu mmoja soksi, akafungua karatasi yake na kuanza sala. Alipofika kwenye pumziko la milele, Sibéal aliinua shingo, akaichukua ile karatasi mkononi mwake na kuitafuna. Padre alisema neno moja ambalo sitaliandika. Sibéal alikwisha kulisikia, kwangu.

4. Daktari wa mifugo. Mtu ambaye hajajitaja alimwita Daktari Fintan Tully, naye daktari akaacha ng'ombe anayezaa huko milimani na kuja mbio. Alimpima Sibéal moyo, meno, kwato, akamwangalia na miguu, maana tope hili hutoa vidonda na magamba juu ya kwato usipoangalia. Mimi huikausha kila asubuhi kwa taulo la Delia. Hakuona kitu. "Huyu bibi ana afya kukushinda wewe, mzee," akaniambia. "Hebu tembea kidogo nikuone hiyo nyonga." Nilimjibu kwamba hakuitwa kwa ajili ya nyonga yangu. Akasema, "Basi siku utakapoanguka, Mzee Bartley, usiangukie mbali na watu." Nimeona niyaripoti maneno hayo kama mfano wa daktari kuvuka mipaka ya kazi yake.

5. Shuka. Tarehe mbili Januari msamaria ambaye bado namtafuta alimfunika Sibéal kwa shuka lake la maua, mwili mzima, na kichwa. Nakubali kwamba nia ilikuwa njema. Lakini Sibéal aliamka akiwa na shuka lake, akasimama ukutani akitaka kujua nani amezima jua, wakati uleule basi la akina mama wanaotoka kucheza bingo likipita. Dereva alifunga breki. Nimeambiwa kwamba wawili wao wameacha pombe tangu siku ile, nao waume zao wamenishukuru, ila hilo ni jambo la kando.

6. Redio. Hili ndilo lililonitoa machozi, sitaficha. Unajua jinsi nyumba zote za huku zinavyonyamaza asubuhi matangazo ya vifo yakisomwa. Hata kijiko hakigongi kikombe. Basi Alhamisi ya tarehe nane nilikuwa nakoroga uji wa shayiri nikasikia, kwa sauti ile yao ya huzuni iliyopigwa pasi: "Sibéal Mulkerrin, wa Gort na Móna, baada ya kuugua kwa muda mrefu. Ameacha Bartley." Hajaugua hata siku moja. Na hilo la "ameacha Bartley" sikujua nilifanyeje. Binamu yangu Colman, ambaye hatujaonana miaka kumi na minne, aliendesha gari kwa muda wa saa mbili akiwa na suti nyeusi, akidhani nilikuwa na dada asiyemjua. Alikaa mpaka jioni tukala pai.

Bwana Mhariri, utasema mzee huyu anachekesha, apewe nafasi chini ya habari za mashindano ya mbwa. Cheka, sikukatazi. Lakini naomba ujue kwamba simu ikilia, mimi huanza kuvaa gambuti kabla sijaipokea. Delia alipokuwa hospitalini aliniachia neno moja kuhusu Sibéal. Alisema, "Wewe mvushe majira ya baridi tu, Bartley. Kiangazi atajivusha mwenyewe." Nimemvusha mawili. Haya ya tatu yamebakiza siku kumi na tatu tufike Sikukuu ya Mtakatifu Brigida, siku ambayo kwetu baridi huhesabiwa imekwisha, hata kama mvua yenyewe haijaambiwa. Wahenga walinena: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mimi naiogopa hiyo nusu ya pili. Naiogopa sana. Ndiyo maana sitaki isemwe.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, nikianza na dogo.

Kwanza, kando ya ukurasa wako wa vifo, ambao ni ukurasa mzima na mara nyingine huendelea upande wa nyuma, ufungue safu fupi yenye kichwa WASIOKUFA WIKI HII. Uanze na Sibéal. Baadaye unaweza kumwongeza Tom Pat Folan wa dukani, mwenye miaka tisini na nne, ambaye naye hulala dirishani mdomo wazi na huwatia watu wasiwasi. Naamini safu hiyo itapendwa. Watu watanunua gazeti kujihakikishia.

Pili, asitangazwe kafa farasi yeyote katika wilaya hii mpaka shahidi awe amevuka geti kwa miguu yake mwenyewe, amesimama topeni dakika ishirini, amepitisha karoti mbele ya pua ya mhusika, na kuiwasilisha karoti hiyo ofisini kwako kama kielelezo. Karoti ikiwa nzima, shauri lisikilizwe. Ikiwa imeumwa, shauri lifutwe na shahidi alipe karoti.

Tatu, Halmashauri iihamishe barabara. Nimepima kwa hatua. Mita mia tatu kuelekea ziwani zinatosha. Najua kanisa, posta na duka vitalazimika kuifuata, lakini majengo yale yamekaa mahali pamoja muda mrefu na kuhama kutayachangamsha.

Wakati nikingoja utekelezaji, nimechukua hatua yangu mwenyewe. Jumamosi nilitundika getini kibao cha mbao, kwa herufi nyekundu: HAJAFA. AMELALA. USISIMAME. USIPIGE SIMU. Chini yake, kwa herufi ndogo, nikaongeza usia wa wazee: usimwamshe aliyelala, utalala wewe. Nafurahi kukuarifu kwamba kibao kimefanya kazi ajabu. Tangu Jumamosi simu haijalia hata mara moja. Hakuna aliyekuja mlangoni. Nyumba imetulia kabisa, hata naisikia saa ya ukutani jikoni, ambayo miaka yote hii sikujua kwamba ina kelele hivyo.

Nisalimie wafanyakazi wote wa gazeti, yule binti anayepokea matangazo kwa upole, na mama yako, ambaye nakumbuka alikuwa na farasi mwekundu mwenye tabia mbaya. Msalimie pia Bi Attracta ukikutana naye. Mwambie sina kinyongo, nina kibao tu.

Ni mimi, mwenye heshima zote na gambuti moja,

Bartley Mulkerrin

Nyongeza, Jumatano. Barua hii bado iko mezani kwangu kwa sababu barabara ya posta imefurika. Leo saa tano jua lilitoka. Kutoka jikoni nilimwona Sibéal amelala kimwinukoni. Nikangoja simu. Nikangoja tena. Haikulia, na nikagundua kwamba sina mtu wa kuniambia kama amekufa au hajafa, ila kwenda mwenyewe. Nilikwenda na karoti, nikaogopa kuitumia. Nikakaa chini karibu na shingo yake kumsikiliza, na kwa kuwa palikuwa pakavu, nikajinyoosha kidogo. Usingizi ukanichukua. Niliposhtuka, gari la Attracta lilikuwa limesimama pale ukutani, kioo kimeshushwa, naye anasoma kwa sauti: "Hajafa. Amelala. Usisimame." Akaanza kupandisha kioo. Kisha akasema, "Haya Bartley, umeshinda," akaondoka. Mdomo nilikuwa nao, Bwana Mhariri. Kilichonizuia kumwita ni heshima ya kijinga. Mvua ikaanza. Sibéal akainuka, akaenda zake. Mimi nyonga ikakataa. Nilijaribu mara nne. Mwishowe Sibéal alirudi mwenyewe, akainamisha kichwa kuitafuta ile karoti mfukoni mwangu, nikamshika singa za shingoni kwa mikono miwili, naye akarudi nyuma polepole mpaka nikasimama. Alinifikisha mlangoni pa banda. Mimi nikaingia, yeye akabaki nje kwenye mvua akinitazama.

Kibao nimekishusha, kinafaa kuni. Naomba yote yaliyo juu usiyachape. Chapa haya tu, ukurasa wa mbele kama nafasi ipo: mkipita Gort na Móna mkimwona Sibéal amelala, nipigieni simu. Mkituona tumelala wawili, simameni.