Tulisoma Kabla ya Kuchoma

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati Maalumu ya Pamoja ya Uchambuzi, Uhifadhi na Uteketezaji wa Nyaraka za Nachingwea na Ruangwa, ambaye kwa bahati njema ni mimi mwenyewe. Mheshimiwa Katibu wa Kamati, ambaye amepata udhuru na kunikabidhi kalamu yake. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, aliyekwama Nachingwea kwa ubovu wa gari na kuniomba nimwakilishe, kwa hiyo naomba nijikaribishe. Mzee wetu Hemedy, Mwenyekiti wa Baraza la Ardhi. Masheikh wetu, mapadri wetu, makatekista wetu. Mama zangu wa vikundi. Vijana wa bodaboda mliozima injini na ninyi ambao bado hamjazima. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa, naomba ijizingatie yenyewe. (Makofi. Bodaboda moja inazimwa.)

Ndugu wananchi wa Mbekenyera, na ninyi mliotoka Likunja na Chunyu, hamjambo? (Hatujambo.) Sijasikia. Bwana wa spika, hebu punguza huo mwangwi, najisikia mara mbili. Ingawa kwa uzito wa jambo la leo, kunisikia mara mbili si hasara.

Kabla sijaingia kwenye kiini cha hotuba yangu, niseme machache kuhusu mimi, kwa sababu mradi hauwezi kueleweka bila kumwelewa mbeba maono wake. Mimi Maximilian mnanifahamu. Nimesoma hapa hapa shule ya misheni, nimekula mihogo ya hapa hapa, na nilipokabidhiwa dhamana ya nyaraka za kanda hii nilikuta majalada yamelundikana stoo kutoka sakafuni mpaka kwenye dari, mengine yamenizidi umri, na mchwa wameshaanza zoezi la uchambuzi bila kikao, bila hadidu za rejea na, nasema kwa masikitiko makubwa, bila kuishirikisha Kamati. (Vicheko.) Msicheke. Mchwa ni mdau, lakini mdau anatakiwa afuate utaratibu.

Kamati ikajifungia. Tukafanya upembuzi yakinifu, tukafanya semina elekezi, tukaandaa mpango mkakati, rodimapu na andiko dhana, tukaja na vigezo vya kisayansi vya kuamua lipi libaki na lipi liende na moto. Kigezo cha kwanza: jalada lenye picha ya kiongozi lihifadhiwe milele. Kigezo cha pili: ratiba za ziara, risala za kuwakaribisha viongozi na hotuba za viongozi kujibu risala zihifadhiwe nakala tatu tatu, kwa kuwa hiyo ndiyo historia yenyewe, hiyo ndiyo vitukuu wetu siku moja watakayotaka kuijua, kwamba babu alipokuja kuzindua kisima alipewa kuku au alipewa mbuzi. (Makofi hafifu. Sauti ya mwanamke: "Na kisima je?") Kisima tutakigusia panapo majaliwa.

Sasa upande wa kuteketeza, ndugu zangu, hapo ndipo tulipotumia akili nyingi. Tulikuta kumbukumbu za vizazi, mtu kazaliwa siku fulani, mama yake fulani. Kamati ikajiuliza, huyu si ameshazaliwa? Yupo, anatembea, anakula, karatasi ya nini? Tukachoma. Tukakuta kumbukumbu za vifo, tukasema marehemu hajawahi hata mmoja kuja kaunta kuulizia jalada lake. Tukachoma. Kumbukumbu za mvua: mvua ile imeshanyesha na imeshakauka. Kumbukumbu za mashauri: yaliyokwisha yalikwisha, na yale ambayo hayajaisha tumeyasaidia kuisha. Na mwisho majalada ya ardhi, ambayo ndiyo yalikuwa manene kuliko yote, na hapo Kamati ikasema kwa kauli moja kwamba ardhi haiendi popote, iko pale pale ilipowekwa na Mwenyezi Mungu, anayetaka kuiona akaiangalie. Mbona hampigi makofi? Haya.

Kitakwimu, kwa sababu siku hizi serikali ni data, asilimia tisini na sita ya majalada yote yameteketezwa kwa ufanisi, asilimia kumi na mbili yamehifadhiwa, na salio linaendelea kufanyiwa kazi. (Mstari wa mbele, Mwalimu Koleta, mstaafu, anavua miwani, anaifuta, anaivaa tena.) Shikamoo Mwalimu, nimekuona. Wananchi, huyu mama ndiye aliyenifundisha darasa la kwanza mpaka la nne, na kama leo nazungumza mbele yenu kwa ufasaha huu, mnajua pa kupeleka shukrani.

Baada ya uteketezaji, ndugu wananchi, ndipo linapokuja jambo lililotukutanisha, yaani Kituo cha Kisasa cha Kumbukumbu za Kanda, chenye vyumba kumi na viwili, viyoyozi, sistimu ya dijitali, na mtambo maalumu wenye uwezo wa kusoma jalada likiwa bado limefungwa. Kibao chake ndicho hiki mnachokiona kimefunikwa kitenge. Kituo chenyewe kiko ng'ambo ya kijito, na tumekutana hapa mbele ya ghala la ufuta la Bwana Harithi, badala ya kule, kwa sababu za kiitifaki na za kivuli. Ardhi ya Kituo Kamati iliichunguza ikabaini kuwa haina mwenyewe, kwa kuwa hakuna karatasi hata moja inayomtaja mwenyewe, na kwa nini hakuna karatasi ni swali zuri sana, lakini haliko kwenye ratiba. Mikorosho iliyomo inaangaliwa kwa muda na shemeji yangu Protasi, kwa moyo wa kujitolea. Msimu uliopita alijitolea kuvuna yote. (Minong'ono. Mwanamke mzee anasimama katikati ya mkutano, kanga mbili, mkono juu.)

Maswali mwisho, mama. Mwisho. Basi, haya, kwa kuwa umeshasimama.

("Mie Zaina, mke wa marehemu Isihaka. Sie kituo hatujakiomba. Hiyo mikorosho unayosema haina mwenyewe nimeipanda na mume wangu, mimba ya mtoto wangu wa kwanza iko tumboni. Baraza linalikalia shauri langu la shamba Jumatatu. Mzee Hemedy kaniambia, Bi Zaina, maneno yako matamu lakini lete karatasi. Nimekwenda ofisini kwako mara ngapi sijui, naambiwa jalada limechomwa. Sasa mie nikale wapi?" Minong'ono inakuwa makelele.)

Tulieni. Bi Zaina, pole sana mama yangu, na kwa niaba ya Kamati napokea hoja yako kwa mikono miwili. Lakini tuelewane kiutawala. Nchi hii inaongozwa kwa maandishi. Mimi binafsi nakupenda, na marehemu mzee Isihaka nilimzika, lakini mapenzi hayana kumbukumbu namba. Hakuna karatasi, hakuna shamba, na Mzee Hemedy hapo ni shahidi kwamba Baraza haliwezi kuandika uamuzi kwa kusikia tu mtu analia. (Mzee Hemedy anatazama chini. Sauti ya kijana: "Kwa hiyo mnachoma halafu mnadai karatasi?") Kijana, tafadhali, huu ni mkutano wa maendeleo. Kila jalada lililokwenda motoni lilikwenda kwa haki, baada ya kusomwa na mimi mwenyewe, ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho.

(Mwalimu Koleta anasimama taratibu, anaegemea mwavuli. "Maximilian mwanangu, hilo la kuchoma silishangai. Nashangaa unaposema ulisoma. Wewe nimekufundisha mimi. Darasa zima likisoma maneno, wewe ulikuwa unasoma picha." Vicheko virefu. Mtu anapiga mluzi.)

Mwalimu. Mwalimu wangu. Hapo, kwa heshima zote, hapo umenionea. Wananchi, nyamazeni. Ni kweli darasa la tatu nililirudia, lakini lilikuwa suala la afya. Mimi nimesoma yale majalada mpaka macho yakaniuma! Mke wangu alikuwa ananiita chakula kinapoa, nasema niache, nasoma. Mchwa tu ndio waliosoma kunizidi. Taja jalada lolote, Mwalimu, hapa hapa, mbele ya watu hawa, nami nitakwambia lilisema nini. Lolote.

("Basi, la mzee Isihaka.")

La mzee Isihaka. Hilo tu? Jalada la kijani, gamba limechanika pembeni. Muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji, uliofanyika nje ya shule. Mkutano ulikubali kwa kauli moja ndugu Isihaka na mkewe Zaina wagawiwe shamba ng'ambo ya kijito, wapande mikorosho, liwe lao na watoto wao. Kaskazini linapakana na kijito chenyewe. Mashariki, njia ya kwenda Likunja. Kusini, kichuguu kikubwa kilichoota mpingo. Magharibi, shamba la misheni. Wamesaini mwenyekiti na katibu, na Isihaka ameweka dole gumba, na bibi Zaina hapa ameandika jina lake mwenyewe, herufi ya zedi ameigeuza. Nimesoma au sikusoma? (Bi Zaina amejishika kifua.)

("Umesoma. Lakini umesema haraka mno, wengine hawakuipata. Tufanye imla. Mzee Hemedy, daftari la Baraza unalo?")

Imla? Mwalimu bwana, hujaacha mambo yako. Sawa. Katibu wa Baraza, shika kalamu. Mkutano mkuu wa kijiji, mkato, ulikubali kwa kauli moja, mkato, ndugu Isihaka na mkewe Zaina, wagawiwe shamba. Nukta. Kaskazini, kijito. Polepole, wewe, usiniharibie, andika mstari mpya. Mashariki, njia ya Likunja. Kusini, kichuguu chenye mpingo, na kichuguu si kile kidogo, ni kile kikubwa. Magharibi, misheni. Nukta. Soma nisikie. (Katibu wa Baraza anasoma.) Sahihi kabisa. Ndivyo lilivyokuwa, neno kwa neno, na mimi Mwenyekiti wa Kamati nathibitisha.

("Kazi isiyo na jina la mwanafunzi sisahihishi.")

Ha! Wananchi, mnamsikia? Hiyo ndiyo sheria yake tangu zamani. Leteni hilo daftari. Jina langu, cheo changu, saini yangu, na mhuri, maana mimi mhuri natembea nao mfukoni, kiongozi bila mhuri ni mpita njia. (Mhuri unagongwa mara mbili. Mwalimu Koleta anachukua kalamu nyekundu, anaweka alama ya vema.) Mmeona? Mmeona wenyewe? Ndugu zangu, niseme ukweli wa moyo wangu, nimepewa vyeti na nimepewa ngao, lakini vema ya Mwalimu Koleta sikuwahi kuipata katika imla, na leo imenifurahisha mno, machozi yananilenga. Nipeni dakika moja. (Mzee Hemedy anafunga daftari, analitia kwapani. Bi Zaina anapiga kigelegele. Akina mama wanakidaka.)

Asanteni, asanteni kwa vigelegele hivyo, nimeguswa. Sasa kaeni tumalizie. Mbona mnasimama? Pilau bado iko jikoni. Haya, wenye haja waende warudi. Kaulimbiu yetu, wote kwa pamoja, nikisema "Tulisoma" mnasema "Kabla ya kuchoma." Tulisoma! (Sauti tatu: "Kabla ya kuchoma.") Nyaraka ni mali! (Sauti moja.) Kumbukumbu za kanda, oye! (Mtoto: "Oye.")

Nimalizie kwa shukrani, kwa sababu asiyeshukuru hakupewa malezi. Namshukuru Bwana Harithi kwa kutuazima ukuta wa ghala lake, na nimhakikishie kwamba kibao kitashuka mara baada ya picha, kwani najua lori la ufuta linakuja jioni. Namshukuru fundi aliyechora kibao, ambaye katika makandarasi wote wa mradi huu ndiye peke yake aliyeonekana. Nawashukuru wajumbe wa Kamati kwa ziara ya mafunzo, ambako tulikwenda kuangalia kituo cha wenzetu kilivyo, tukakipenda sana, tukakipiga picha, na ndiyo hiyo picha iliyoko kwenye kipeperushi.

Na kipekee kabisa nawashukuru wale ninaowaona wanavuka kijito muda huu, Bi Zaina mbele, Mzee Hemedy na daftari lake, Mwalimu na mwavuli, vijana na mapanga nyuma, wameiacha pilau yangu bila kulazimishwa na mtu, wanakwenda kusafisha kiwanja cha Kituo. Huo ndio mwamko. Nawatakia kazi njema, na wasishangae wakifika, kwa kuwa ni kweli pale hapajawahi kufika tofali, wala fundi, wala mchoro wa jengo, na bajeti hatujaiomba kwa mtu yeyote. Aliyefika pale ni shemeji yangu Protasi peke yake, na nadhani ndiye yule anayekuja huku mbio.