Mzizi wa Shalom Hauna Leseni

"Wananchi wote mnatangaziwa: kuanzia Jumatatu, hakuna neno litakalofanya biashara kabla mzizi wake haujapata mwenyewe!"

Hivyo ndivyo Katibu Vénuste, mkuu wa kata moja ya bonde la Bugarama, alivyonena baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, akiwa ndani ya buti safi kabisa. Watu wakapiga makofi. Baada ya umuganda watu hupiga makofi.

Chanzo kilikuwa kantini ya Védastine, iliyoandikwa SHALOM. Wakristo walisema hicho ni Kiebrania, chao. Waislamu walisema ni salamu yao tu, imebadilisha koti. Walibishana wakicheka, maharagwe mdomoni. Katibu akauita mgogoro wa umiliki, na dawa ya mgogoro ni kufuli.

"Mheshimiwa, batu ya kiwanda ya simenti banakuya saa sita," Védastine alilia. "Batakula wapi? Na batoto yangu?"

"Maman, serikali haikufungi. Inakupumzisha."

Ikaundwa kamati: Pasta Straton, aliyesomea Kiebrania Bukavu, na Sheikh Munyaneza, mjuzi wa Kiarabu. Kazi yao, kugawana mizizi. Lo! Kila walichochimba kilikuwa cha wote wawili: siku, yom na yaum; nyumba, beit na bait; kichwa, rosh na ras. Wazee wakakumbatiana kwa furaha. Védastine hakufurahi hata chembe, maana jiko lake lilikuwa limelala baridi.

Umuganda uliofuata, ripoti ikasomwa.

"Mheshimiwa, mizizi yote iko ya batu bote," alisema Pasta.

"Basi maneno hayo yote yasimamishwe, bila ubaguzi, mpaka Kigali ijibu. Makofi!"

Makofi.

"Imebakia moja," Sheikh alisema kwa adabu. "Ile ya kuandika. Kiebrania ni katav, Kiarabu ni kataba. Neno kitabu njo ilitokea pale." Akakohoa. "Na katibu."

Makofi ya safari hii hayakuombwa. Mlinzi wa kata, mtu mtiifu, akaenda kufunga ofisi ya Katibu. Vénuste alitaka kufuta amri, lakini amri hufutwa na Katibu, na Katibu alikwisha kusimamishwa. Kwa kuwa hapakuwa tena na wa kumkataza, Védastine akawasha moto.

Saa sita njaa ilimleta Vénuste kantini. Akawapita wafanyakazi wote waliopanga foleni mpaka mbele, kama kawaida yake.

"Papa Iriza," Védastine alimwita kwa jina la mtoto wake, kama anavyoitwa mzazi yeyote, "mustari inaanzia kule nyuma."