Habari za Kutwaliwa kwa Rekodi ya Nyoka Huko Mahongole

Njooni, enyi watu wa Mahongole na wa Kitandililo, nanyi wa Njombe mjini mnaojisifu kwamba baridi yenu inaizidi yetu. Njooni wapasua mbao, wachimba viazi, wauza parachichi na madereva mliolala stendi. Vueni kofia za sufu zilizowaziba masikio, msogee, mkae. Nawaletea habari ya vita. Anayetaka majemadari na farasi aende zake, kwangu hakuna farasi. Kwangu kuna simu ya kitochi, nyoka mmoja wa vidoti vyeusi, na mume aliyetaka kulala.

Ewe upepo wa Makambako, uchezeao mabati ya watu bila kuomba radhi, nipe pumzi nisimulie bila kukohoa! Maana mimi ndimi Lameki, jirani wa uzio mmoja na nyumba hiyo. Niliyoyasikia niliyasikia kwa masikio haya, na niliyoyaona niliyaona juu ya uzio, mswaki ukiwa mdomoni. Asiyeniamini aje nimwoneshe uzio wenyewe.

Basi aliishi hapo Aloyce mwana wa Hilario, Mpasua-Mbao, Mvaa-Makoti-Mawili, ambaye magogo ya mkaratusi yalimheshimu; na pamoja naye mkewe Devotha, binti wa Mawengi, Dole-Gumba-Lisilochoka, ambaye hata Aloyce alimheshimu. Ugomvi wao ulikuwa mmoja tu: nani atangulie kutoka chini ya blanketi, aende jiko la uani, awashe mkaa, achemshe maji ya kuoga. Nyie wa pwani mnaweza kucheka. Chekeni tu. Huku kwetu mwezi wa saba maji ya ndoo yanauma meno kabla hujayanywa, na mtu akitoka kitandani alfajiri anaaga kabisa.

"Baba Angela, amka."

"Amka wewe, Mama Angela, mimi jana nimepasua mbao kutwa nzima."

"Na mimi jana nilikuwa nimelala?"

Hivyo kila alfajiri, mpaka jogoo wangu akaacha kuwika, akiona kazi yake imepata wenyewe. Nami nikachoka, nikawaendea, nikasimama katikati yao, nikanena: "Jamani, pimaneni nguvu kama watu wazima! Kitochi chenu kina gemu ya nyoka. Mwenye rekodi alale, asiye nayo awashe jiko, nami nipumzike." Wakapeana mikono mbele yangu. Ndivyo ilivyozaliwa Sheria ya Jiko, na mtunzi wake ni mimi, ingawa hadi leo hakuna aliyeniletea hata kikombe cha uji.

Wiki ile ile Devotha akaitwaa rekodi, na alipoitwaa hakuiachia. Kitochi chenyewe mngekiona! Kifuniko kimepotea, betri imefungwa kwa mpira wa baiskeli, na namba nne imefutika kwa kubonyezwa na dole gumba la malkia. Hakijui intaneti, hakimjui mtu, kinajua kupiga, kumulika na nyoka. Usiku kililala chini ya mto wa Devotha, na hakuna mkono mwingine uliothubutu kupita hapo.

Lakini kila jioni, kwa mujibu wa sheria, Aloyce aliruhusiwa kushindana. Akakitwaa kitochi, akatoa kiti chake barazani, akakaa kifua mbele na makoti yake mawili, upepo ukimpiga usoni na mikononi, akamwongoza nyoka wake kwa ushujaa mkubwa moja kwa moja ukutani.

"Pole, Baba Angela," Devotha akasema kutoka ndani. "Kiberiti kipo dirishani."

Masika yakapita, mahindi yakavunwa, kipupwe kikaingia, na mwenye kuwasha jiko ni yule yule. Siku moja Aloyce akaja akaegemea uzio, macho mekundu kwa moshi, akanena kwa sauti ya kuvunja moyo: "Jirani, mimi sitaki ukubwa. Nataka asubuhi moja tu. Moja! Nisikie maji yakichemka nami nimelala." Walahi nilimhurumia, maana aliyasema hayo akiwa ameshika kikaango badala ya kofia.

Ndipo akashuka mjini, kwa Mansoor wa Duka-Linalowaka-Taa-Mchana, mwuza simu, mwenye maneno mengi kuliko bidhaa. Mansoor akamtazama, akasikiliza kilio chake cha kitochi, akapaza sauti: "Kaka Aloyce! Karne hii bado unahangaika na nyoka wa vidoti? Wenzio wana nyoka wa rangi! Nyoka mwenye kofia! Nyoka anayeshindana na watu wa dunia nzima! Chukua simu janja hii, kaka, na nyumbani kwako utaitwa mheshimiwa!"

Aloyce akarudi na simu janja kifuani. Devotha akapinga, Aloyce akashikilia kwamba sheria haikutaja simu ipi, nao wakanijia mimi mtunzi. Nikakuna kichwa. Kweli sikutaja. Nikasema, haya, nyoka ni nyoka, ila rekodi ionekane kwa macho.

Kulipopambazuka, mkaa ukiwa umeshika na sufuria imewekwa, shujaa akachuchumaa jikoni akaifungua gemu. Gemu ikasema kuna toleo jipya, lishushwe kwanza. Akalishusha. Ikataka nenosiri. Akaandika Devotha. Ikamjibu kwamba nenosiri hilo ni dhaifu.

"Devotha dhaifu?" Aloyce akanguruma. "Hii simu haijakutana naye!"

Ikataka herufi kubwa, ikataka tarakimu, ikataka alama ambayo tuliitafuta wote wawili, mimi nikielekeza kutoka juu ya uzio na povu mdomoni. Kisha ikaomba ruhusa ya kujua alipo, kuona picha zake, kusikiliza sauti yake na kusoma majina yote aliyoyahifadhi. "Nyoka anataka namba ya mama mkwe wangu ya nini?" akauliza, na swali hilo halijapata jibu hata leo. Alipokubali yote yakaanza matangazo: mafuta ya kukuza nywele, mikopo ya haraka, tena mafuta ya kukuza nywele, naye Aloyce ana upara.

Hatimaye nyoka akatoka, mwenye kofia kweli! Na hapo, ndugu zangu, nikaona ajabu. Vidole vya Aloyce vilimwongoza yule mdudu kulia, kushoto, juu, chini, kwa wepesi ambao sijawahi kuuona kwake barazani. Nyoka akala, akanenepa, akajizungusha. Rekodi ya Devotha ikapitwa kwa mbali! Aloyce akasimama, akainua simu kuelekea dirisha la chumbani, akaita: "Mama Angela! Dola lako limeanguka!"

Devotha akafungua pazia. Wakaitazama simu pamoja. Simu ikasema: Hakuna mtandao. Matokeo yako hayajahifadhiwa. Bando lote lilikuwa limeliwa na mafuta ya nywele.

"Rekodi iko wapi, Baba Angela?"

"Iko mtandaoni."

"Na mtandao uko wapi?"

"Umekata."

"Basi endelea na maji, mume wangu, yasije yakapoa," akasema malkia, akafunga pazia.

Na hapa vita visimame kidogo niseme yangu, maana yananikaba. Mimi sichukii teknolojia. Simu janja ninayo, naulizia bei ya viazi, naona wajukuu. Lakini nimecheza bao tangu nina meno yangu yote, na hakuna siku ubao wa bao uliniambia subiri kwanza nijisasishe. Kete hazijaniuliza nalala wapi. Gemu inayotaka kujua majina ya shemeji zako wote hiyo ni gemu, au ni mjumbe wa nyumba kumi? Kitu ni changu nikikiwasha kikanitii mimi, na nilichokivuna kwa jasho langu nikakikuta pale nilipokiacha. Huo ndio uhuru ninaoujua mimi. Mwenye uhuru mwingine aje tuongee, uzio anaujua.

Sasa turudi. Aloyce hakulia. Alikaa akiangalia viganja vyake, akaangalia jiko, akaangalia baraza, akarudia viganja. Nikaona akili inafika, polepole, na mizigo.

"Jirani," akasema, "leo vidole vyangu vilinitii."

"Niliona."

"Jioni havinitii."

"Jioni unacheza kwenye upepo, Aloyce."

"Mwaka mzima," akanong'ona. "Mwaka mzima mimi vidole vimeganda, na mwenzangu anachezea ndani ya blanketi."

"Kwani nani alikukataza kuingia ndani?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Lameki, mwanamume anachezea bao barazani. Baba yangu alichezea barazani. Sasa mimi nikacheze gemu chumbani?" Nami sikumcheka, maana kusema kweli ningefanya vile vile.

Asubuhi iliyofuata, baridi ikiwa imeweka chumvi juu ya majani, Aloyce mwana wa Hilario akawasha jiko kama kawaida, akaota moto, akakunja vidole na kuvikunjua, akasimama chini ya dirisha akahutubu: "Ee Devotha, binti wa Mawengi, uliyetawala kutoka juu ya mto wa kulalia! Leo sisubiri jioni. Nitolee kitochi!"

"Asubuhi yote hii?"

"Sheria haikutaja saa!"

Wakanitazama. Kweli sikuitaja. Naona nilitunga sheria vibaya sana.

Mkono ukapita kwenye nondo za dirisha, ukiwa umeshika kitochi kwa dharau. Betri ilikuwa na mstari mmoja. Aloyce akachuchumaa, moto mbele, makoti nyuma, akabonyeza. Ti! Nyoka akala. Ti! Akala tena. Hapakuwa na kofia, hapakuwa na rangi, palikuwa na vidoti na mwanamume. Namba nne ilikwama, akaibembeleza. Ikakwama tena, akaitukana kwa Kibena, ikaenda. Nyoka akajaa kioo kizima, amejikunja akikwepa mkia wake mwenyewe, na maji yakaanza kuchemka, yakafurika, yakamwagikia mkaa, moshi ukatanda! Aloyce hakutikisika. Devotha akashika nondo kwa mikono miwili. Mimi nikameza dawa ya meno.

"Utagonga!" Devotha akapiga kelele.

"Sigongi!"

Ti! Hiyo ndiyo iliyokuwa punje ya kuizidi rekodi. Kisha nyoka akagonga ukuta, akafa kifo cha heshima, na papo hapo kitochi kikazimika, giza.

"Kimezimika!" malkia akashangilia. "Iko wapi rekodi? Kama jana tu! Iko wapi?"

Lakini Aloyce akafungua mpira wa baiskeli bila haraka, akatoa betri, akaipangusa kwenye suruali, akaiweka kiganjani karibu na joto la jiko, akairudisha, akafunga mpira, akabonyeza. Kitochi kikawaka. Hakikuuliza yeye ni nani. Hakikuomba ruhusa. Akafungua nyoka, akafungua rekodi, na rekodi ilikuwa pale pale alipoiacha. Akakiinua mpaka kwenye nondo.

Devotha akasoma. Akasoma tena. Akavuta pumzi ndefu, akanena kwa sauti ambayo ua wote uliisikia: "Imeonekana. Nimeshindwa kwa punje moja, na aliyenishinda ni mume wangu. Hongera, Baba Angela. Lakini hayo maji uliyoyamwaga leo yajaze mwenyewe."

Nami nikapaza sauti juu ya uzio, nikatangaza Mahongole yote kwamba dola limebadilika! Jogoo wangu, aliyekuwa kimya tangu mwaka jana, akawika. Dorika wa nyumba ya tatu akatoka na mwiko akiuliza nani amefariki. Tukamwambia hakuna, ni Aloyce, kesho analala. Akapiga vigelegele, baada ya kuelezwa mara mbili.

Ikawa kesho yake. Alfajiri, upepo ukilia kwenye mabati, nilisimama uzioni na mswaki wangu, nikamwona Devotha amejitanda vitenge viwili akipuliza mkaa. Sufuria ikawekwa. Muda si mrefu maji yakaanza kuimba, na kutoka chumbani ikasikika sauti nzito ya mtu aliyelala chali: "Nayasikia, Mama Angela! Nayasikia yanachemka!"

"Furahi, mume wangu, ni haki yako," akasema Devotha, akiota moto, akikunja vidole na kuvikunjua. Kisha akasogea dirishani, akanyoosha mkono. "Nitolee kitochi."

Kitanda kikalia, mkono haukutoka.

"Sheria haikutaja saa, Baba Angela."

Kitochi kikapita kwenye nondo, taratibu mno. Devotha akarudi akachuchumaa mbele ya moto, na dole gumba likaanza kazi. Ti. Ti. Ti. Naye Aloyce mwana wa Hilario, Mpasua-Mbao, Mtwaa-Rekodi, akavuta blanketi mpaka puani, akafumba macho kwa nguvu, akajitahidi kulala haraka iwezekanavyo.